Jicho ni Bandia, Kope ni Hai: Jinsi ya Kutunza Tezi za Mafuta za Kope

Somo hili ni la wananchi wanaovaa jicho bandia, wazazi wa watoto wanaolivaa, na wahudumu wa afya ya jamii wanaowatembelea nyumbani.

UTANGULIZI

Mtu hupoteza jicho kwa njia nyingi. Fundi wa jua kali hurukiwa na kipande cha chuma. Mkulima huchomwa na mwiba au bua la mahindi na kuchelewa kutibiwa. Mwendeshaji wa bodaboda hupata ajali. Mtoto huugua saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Mtu mzima naye huweza kuota saratani juu ya utando wa jicho, ugonjwa ambao huku kwetu Afrika Mashariki unahusishwa na miale mikali ya jua na virusi vya UKIMWI.

Jicho likishaondolewa na kidonda kupona, mgonjwa huvalishwa jicho bandia. Jicho hilo halioni, lakini humrudishia mtu sura yake, likamwezesha kurudi kazini, shuleni na sokoni bila kuficha uso. Ndiyo maana inasikitisha kuona watu wakiliacha kabatini kwa sababu ya usumbufu unaoweza kupunguzwa kwa maji ya vuguvugu na kitambaa safi.

Usumbufu wenyewe unajulikana. Asubuhi kope zimegandana. Mchana kuna uchafu mzito wa kufuta kila mara. Kope zinawasha, na mtu anahisi kama ana mchanga ndani. Wengi hulilaumu jicho bandia, wakalivua na kulisugua kila siku. Mara nyingi, hata hivyo, shida iko kwenye kope. Jicho ni bandia, lakini kope zinazolifunika ni hai, na ndani yake mna tezi zinazohitaji kutunzwa.

TEZI HIZI NI ZIPI, NA ZINAFANYA KAZI GANI?

Katika somo hili neno "kope" lina maana ya ngozi inayofunika jicho, ya juu na ya chini. Zile nywele tutaziita nywele za kope.

Ukivuta kope ya chini kidogo mbele ya kioo, utaona ukingo mwembamba wenye unyevu nyuma ya mstari wa nywele. Kwenye ukingo huo kuna vitundu vidogo sana vilivyopangana. Kila kitundu ni mlango wa tezi moja ya mafuta. Kope ya juu huwa na tezi kati ya 25 na 40 hivi, na ya chini kati ya 20 na 30. Kwa kitaalamu huitwa tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666.

Tezi hizi hutoa mafuta mepesi. Kila unapopepesa, misuli ya kope huzibana kidogo, nayo mafuta hutoka na kutandazwa juu ya machozi. Machozi si maji matupu. Yana ute unaoyashikilia, yana maji yenyewe, na juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke haraka. Sufuria ya mchuzi wenye mafuta juu haipoi upesi kama ya mchuzi mkavu, na machozi nayo ni vivyo hivyo: yakikosa mafuta hukauka mara moja.

Mafuta hayo yanapokuwa na afya huwa mepesi na angavu kama mafuta ya kupikia. Tezi ikiugua, mafuta huwa mazito, yakageuka rangi na kuganda kama kimbo wakati wa baridi. Mlango wa tezi huziba. Ikiendelea kuziba kwa muda mrefu, tezi hunyauka na kufa, na tezi iliyokufa kwa kawaida hairudi. Kwa hiyo anayeanza kuzitunza mapema anaokoa kitu ambacho dawa haitamrudishia baadaye.

KWA NINI ANAYEVAA JICHO BANDIA YUKO HATARINI ZAIDI?

Mtu yeyote anaweza kuziba tezi hizi, hasa umri unapoongezeka. Lakini upande wenye jicho bandia una sababu zake.

Ya kwanza ni kupepesa. Jicho la asili lina konea, yaani kioo angavu cha mbele, ambacho kina mishipa mingi ya fahamu. Konea ikihisi ukavu au vumbi, hupeleka ishara mtu apepese na machozi yatoke. Jicho likiondolewa, ishara hiyo nayo huondoka. Kope hupepesa kwa kufuata jicho la pili, na mara nyingi hazifungi mpaka mwisho. Tezi hazibanwi vizuri na mafuta hubaki ndani.

Ya pili ni uzito na msuguano. Jicho bandia la siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Halina umbo la mpira, bali ni kama kigae kilichopinda kinachokaa nyuma ya kope. Likiwa na mikwaruzo, au lisipokaa sawasawa, husugua utando laini wa ndani ya kope mchana na usiku. Utando huo huvimba, na uvimbe wa muda mrefu huzidhuru tezi zilizo jirani. Kope ya chini nayo hulegea polepole kwa kubeba uzito huo miaka mingi.

Ya tatu ni utando wa uchafu unaojijenga juu ya jicho bandia. Protini za machozi, ute na vijidudu huganda juu ya plastiki, hasa pale ambapo kope hazifiki zinapopepesa.

Mwaka 2013 watafiti wa Korea Kusini walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliovaa jicho bandia kwa muda mrefu. Walilinganisha kope za pande mbili za mtu yule yule, upande wa jicho bandia na upande wa jicho la asili. Upande wa jicho bandia ulikuwa umepoteza tezi nyingi zaidi. Mtu yule yule, umri ule ule, vumbi lile lile, lakini kope za upande mmoja zimechakaa zaidi. Hilo linatufundisha kwamba kope hizo zinahitaji uangalizi wake zenyewe.

TUJUE DALILI

Tezi za mafuta zikianza kuziba utaona baadhi ya mambo haya:

• Kope kugandana asubuhi, na magamba au ukoko kwenye nywele za kope.
• Ukingo wa kope kuwa mwekundu, mnene au kuwasha.
• Povu jeupe kwenye pembe za kope.
• Kuhisi ukavu au mchanga, hasa jioni, kwenye upepo au karibu na moshi.
• Chokea, yaani kijipu cha kope, kinachopona na kurudi.
• Jicho bandia kupoteza mng'ao na kuonekana kavu.

Kiasi kidogo cha ute mweupe au usio na rangi ni cha kawaida kwa anayevaa jicho bandia. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko: umezidi, umebadilika rangi, una harufu au damu.

UTUNZAJI WA KILA SIKU, HATUA KWA HATUA

Kazi hii huchukua kama dakika 10. Inafanywa jicho bandia likiwa mahali pake. Anayesumbuliwa na afanye asubuhi na jioni. Akipata nafuu, mara moja kwa siku yatosha. Nafuu haiji kwa siku moja. Jipe wiki kadhaa.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kata kucha.

2. Andaa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa yakapoa kiasi. Yapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Yawe ya moto wa kupendeza, yasichome. Ngozi ya kope ni nyembamba na huungua upesi.

3. Chovya kitambaa safi, kikamue, funga macho, kiweke juu ya kope. Kikipoa kichovye tena. Endelea kwa dakika 5 hadi 10. Lengo ni kuyayeyusha mafuta yaliyoganda, na kitambaa kilichowekwa mara moja tu hakitoshi.

4. Kanda kope mara tu baada ya joto, kabla mafuta hayajaganda tena. Kwa ncha ya kidole, telezesha kope ya juu kuelekea chini, na kope ya chini kuelekea juu, mpaka kwenye ukingo. Mkono uwe mwepesi. Ukibonyeza kwa nguvu, jicho bandia linaweza kugeuka au kutoka.

5. Safisha ukingo wa kope. Tumia kitambaa safi au pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Ukoko ukiwa mwingi, tia tone dogo la shampuu ya watoto isiyowasha macho ndani ya maji hayo. Futa kwenye mizizi ya nywele za kope, macho yakiwa yamefungwa, kisha suuza kwa maji safi.

6. Futa ukielekea puani. Anza pembe ya nje uje pembe ya ndani. Ukifuta kwa kwenda sikioni unaweza kulizungusha jicho bandia au kulitoa mahali pake.

7. Tumia kitambaa cha peke yako. Usitumie kitambaa kimoja kwa macho yote mawili kama upande mmoja una uchafu, wala usichangie taulo na wenzako nyumbani.

Baada ya hapo fanya zoezi la kupepesa. Funga macho taratibu, hesabu moja mpaka mbili, yabane kidogo, kisha fungua. Rudia mara 10, mara kadhaa kwa siku. Zoezi hili huzisaidia tezi kutoa mafuta.

Mtaalamu wa macho anaweza pia kukuandikia matone ya kulainisha. Usinunue matone yoyote kwa kubahatisha. Yale yenye steroidi, yakitumiwa bila kusimamiwa na daktari, yanaweza kuliharibu jicho lako la pili yakiingia humo.

KULIVUA NA KULIOSHA: MARA NGAPI?

Tuchukue mfano wa fundi wa kuchomelea vyuma aliyepoteza jicho la kushoto. Anaamka kope zimegandana. Anadhani jicho bandia limechafuka, analivua na kuliosha kwa sabuni ya kufulia na kipande cha sponji ya jikoni. Wiki inayofuata uchafu umezidi, naye sasa analivua asubuhi na jioni. Kila akilivua, vidole vinaingiza vijidudu na utando laini unasuguliwa. Kila akilisugua kwa sponji, mikwaruzo inaongezeka na uchafu unapata pa kushika. Wakati huo wote tezi zake zilizoziba hazijaguswa.

Utafiti uliofanywa New Zealand ulionyesha kwamba watu waliolivua na kuliosha jicho bandia mara nyingi ndio waliolalamikia uchafu mwingi zaidi. Ni kweli kwamba huenda uchafu wenyewe ndio uliowafanya waoshe mara kwa mara. Hata hivyo, ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni huu: kama jicho halikusumbui, liache mahali pake, hata usiku, na usilivue kila siku. Kwa wengi, mara moja kwa mwezi au hivyo yatosha. Fuata ratiba uliyopewa na aliyekutengenezea, kwa kuwa matundu ya macho hayafanani.

Unapolivua, tandika taulo mezani au ndani ya beseni ili likianguka lisipasuke wala kukwaruzika. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, ukitumia vidole au kitambaa laini, kisha lisuuze vizuri. Lirudishe likiwa na maji maji.

Usilichemshe. Usilisafishe kwa spiriti, dawa ya kung'arisha nguo, dawa ya meno, majivu wala mchanga. Spiriti hupasua akriliki vijiufa, na dawa ya meno huikwaruza.

Kila mwaka mpelekee mtaalamu wa macho bandia alikague na kuling'arisha. Mikwaruzo isiyoonekana kwa macho huhisiwa na kope. Jicho la akriliki la mtu mzima mara nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 5 hivi, kwa sababu plastiki huchakaa na tundu la jicho hubadilika umbo.

MAMBO YANAYOZIDHURU TEZI ZA KOPE

Moshi na vumbi. Anayepika kwa kuni na afungue madirisha au apikie mahali penye hewa. Anayepanda bodaboda au kufanya kazi barabarani avae miwani ya kukinga.

Wanja na rangi za kope. Wanja unaopakwa juu ya ukingo wenye unyevu huziba vitundu vya tezi. Ukipenda kujipamba, paka nje ya mstari wa nywele, na uoshe kabla ya kulala.

Dawa za kienyeji. Maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, asali na vinginevyo visitiwe ndani ya kope. Huleta vijidudu na huunguza utando.

Kufikicha. Kope zikiwasha, weka kitambaa cha vuguvugu. Kufikicha hulegeza kope na kuongeza uvimbe.

KWA WAZAZI

Mtoto akivaa jicho bandia, fuvu lake linaendelea kukua, na jicho hilo linapaswa kubadilishwa mara nyingi kuliko la mtu mzima. Asipolivaa kwa muda mrefu, tundu la jicho huweza kusinyaa na baadaye jicho likakosa nafasi ya kukaa. Kwa hiyo usimwondolee kwa sababu ya uchafu tu. Mfundishe kunawa mikono, mwekee kitambaa chake cha uso, na fanya kazi ya vuguvugu na kukanda wewe mwenyewe mpaka atakapoweza. Mweleze mwalimu wake, ili siku jicho likigeuka darasani mtoto asaidiwe faraghani na asifanywe kichekesho.

Kama jicho liliondolewa kwa sababu ya retinoblastoma, usikose miadi ya kuchunguzwa jicho la pili, na uulize kama ndugu zake nao wachunguzwe. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto yeyote, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, mpeleke hospitali haraka bila kungoja.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA UKIONA

• Maumivu makali, damu, au usaha wa manjano au kijani wenye harufu.
• Uvimbe na wekundu unaosambaa usoni, hasa ukiwa na homa.
• Jicho bandia halikai tena, linatoka lenyewe, au kope haifungi.
• Uvimbe wa kope unaorudi mahali pale pale, au nywele za kope zinazonyonyoka sehemu moja. Uvimbe wa namna hii lazima uchunguzwe, kwa kuwa mara chache huwa ni saratani ya tezi za mafuta.
• Jicho la pili limekuwa jekundu, linauma, linaogopa mwanga au linaona ukungu. Usingoje hata siku moja.

Jicho lililobaki ni moja tu. Livalishe miwani yenye vioo vya plastiki ngumu isiyopasuka, hata kama halina shida ya kuona, hasa ukichomelea, ukikata kuni, ukipura mahindi au ukicheza mpira.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mweleze mhudumu wazi kwamba unavaa jicho bandia, na mwombe akague kingo za kope, asitazame jicho lenyewe tu. Ikihitajika atakupa barua ya rufaa kwenda kitengo cha macho katika hospitali ya kaunti.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mafuta ya tezi za kope yana kazi gani?
2. Kwa nini kope hukandwa mara baada ya kitambaa cha vuguvugu?
3. Ukifuta jicho bandia, mkono uelekee wapi?
4. Jirani yako analivua jicho bandia mara mbili kila siku kwa sababu ya uchafu. Utamshauri nini?
5. Ni dalili gani ya jicho la pili inayohitaji hospitali siku hiyo hiyo?

Majibu: (1) Huzuia machozi yasikauke haraka. (2) Mafuta yamelainika, na yakipoa yataganda tena. (3) Puani. (4) Aache kulivua ovyo, aanze kuzitunza kope kila siku, na aende likakaguliwe kama lina mikwaruzo au haliko sawa. (5) Wekundu, maumivu, kuogopa mwanga au kuona ukungu.

Kama unamjua mtu anayevaa jicho bandia, msomee somo hili. Huenda amekuwa akilisugua jicho lake miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwambia atazame kope.